Kutoka Kariakoo hadi Kapalamsenga: Jinsi Wimbo Ulivyoliacha Duka

Duka la muziki na filamu, kwa maana iliyozoeleka katika Afrika Mashariki kwa muda unaokaribia karne moja, ni mahali ambapo sauti na picha huuzwa zikiwa zimefungwa ndani ya kitu kinachoshikika kwa mkono: kwanza sahani ya santuri, kisha kanda ya kaseti na mkanda wa video, na baadaye CD na DVD. Biashara hiyo ilisimama juu ya sharti moja ambalo wauzaji wenyewe hawakuwa na haja ya kulitafakari, nalo ni kwamba wimbo haukuweza kusafiri bila chombo chake, na chombo hakikuweza kusafiri bila mfanyabiashara wa kukipakia garini, kukipanga rafuni na kukipangia bei. Kupakua, yaani kuchukua nakala ya faili la sauti, picha au maandishi kutoka kwenye kompyuta iliyo mbali na kuihifadhi katika simu au kompyuta ya anayeichukua, kumelivunja sharti hilo, na kwa kulivunja kumeondoa sababu iliyolifanya duka liwepo.

Mabadiliko haya huelezwa mara nyingi kwa mifano ya miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, ambako maduka yenye ghorofa kadhaa yalifungwa na majina yaliyovuma kwa miongo yakatoweka. Hata hivyo, mtu akitaka kuyaona yakiwa uchi, na kuona pia yale ambayo mifano ya miji mikubwa haionyeshi, ni afadhali ayatazame mahali ambapo bidhaa ya dukani ilikuwa ikifika mwisho kabisa. Kapalamsenga, kata ya wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, ni mahali pa namna hiyo: iko magharibi ya Mpanda, katika ukanda unaoelekea Ikola na Karema kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, na inafahamika zaidi kwa madini ya shaba kuliko kwa jambo jingine lolote. Mkoa wenyewe ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na katika sensa ya mwaka huohuo eneo lake lilihesabiwa kuwa na watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 1,152,958, yaani zaidi ya mara mbili katika miaka kumi. Takwimu hizo zina maana kubwa katika mjadala huu, kwa sababu zinaonyesha kwamba duka la kanda halikufa Katavi kwa kukosa wasikilizaji. Lilikufa wakati ambapo wasikilizaji walikuwa wakiongezeka kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote.

Safari ya kanda

Ili kuelewa kilichopotea, inafaa kufuata njia ambayo kanda moja ya muziki ilipita katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Msanii au bendi ilirekodi studio, kwa kawaida Dar es Salaam, kisha ikapeleka nakala mama kwa msambazaji, ambaye ni mfanyabiashara anayegharimia kudurufu kanda kwa wingi, kuchapisha makava na kuzisukuma sokoni. Wasambazaji wakubwa walikuwa Kariakoo na mitaa ya jirani, na majina kama Mamu Stores na GMC yalijulikana kwa kila aliyetaka kutoa albamu. Wenye maduka wa mikoani walinunua hapo kwa jumla. Mzigo wa Katavi ulipitia Reli ya Kati hadi Tabora na Kaliua, kisha ukafuata tawi la Mpanda, lenye urefu wa takriban kilomita 210, ambalo serikali ya kikoloni ililijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, au ulisafiri kwa mabasi na malori katika barabara ambazo msimu wa mvua uliweza kuzikata kwa siku nyingi. Kutoka Mpanda kwenda vijiji vya upande wa ziwani kulikuwa na safari nyingine tena, juu ya lori lililobeba pia sabuni, mabati na mafuta ya taa.

Kila hatua ya safari hiyo iliongeza nauli, hatari ya kuharibika na faida ya mtu mmoja zaidi, hivyo kanda halali ilifika mwisho wa njia ikiwa ghali kuliko ilivyoondoka Kariakoo na ikiwa imechelewa. Kanda iliyodurufiwa palepale Mpanda, kwa redio ya kaseti yenye milango miwili, haikubeba gharama hizo hata moja. Hapa kuna jambo ambalo wanaolalamikia intaneti husahau: uharamia wa kazi za sanaa, yaani kunakili na kuuza kazi ya mtu bila ridhaa yake, haukuletwa na kupakua. Ulilelewa na umbali. Mtu aliyekaa mwisho wa reli aliadhibiwa kwa makazi yake kila aliponunua kanda halali, na nakala ya wizi ndiyo iliyompunguzia adhabu hiyo.

Historia ya awali ya biashara hii inathibitisha kwamba sauti ya Kiswahili ilizoea kuvuka masafa marefu ili kumfikia msikilizaji. Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodiwa Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya kampuni ya gramafoni iliyotumia jina la HMV, na sahani zake zikarudi kuuzwa katika pwani alikotoka. Miongo kadhaa baadaye, bendi za Tanzania zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini sahani za santuri zilichapwa Nairobi. Na mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, biashara hiyo iliyumba vibaya. Kaseti ndiyo iliyoziba pengo, kwa kuwa ilikuwa nyepesi, ilivumilia vumbi na ilihitaji betri tu. Kisha zikaja CD, na pamoja nazo VCD na DVD zilizobeba filamu za Bongo Movie, ambazo kampuni ya Steps Entertainment ilizisambaza nchi nzima katika miaka ambayo jina la mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, lilitosha kuuza diski hata mahali ambapo umeme ulitoka kwenye jenereta.

Wimbo bila chombo

Kilichobadilisha yote haya ni hesabu ya ukubwa wa faili. Sauti iliyorekodiwa kidijiti kwa kiwango cha CD huchukua takriban megabaiti 10 kwa kila dakika, na CD ya kawaida, yenye nafasi ya megabaiti 700 za data, hubeba muziki wa dakika 80 hivi tu. Wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani walibuni, pamoja na wenzao, namna ya kugandamiza sauti kwa kuondoa sehemu ambazo sikio la binadamu halizitambui kwa urahisi, na mwaka 1995 mafaili yaliyotengenezwa hivyo yakapewa utambulisho wa MP3. Katika kiwango cha kawaida cha mgandamizo huo, dakika moja ya muziki hutoshea ndani ya megabaiti 1. Maana yake ni kwamba CD ileile iliyobeba albamu moja sasa iliweza kubeba nyimbo zaidi ya 150, na memori kadi ya gigabaiti 4, ambayo ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, iliweza kubeba nyimbo zipatazo 1,000. Duka zima la kanda, pamoja na rafu zake, makava yake na mwenye duka akiwa kwenye kigoda chake, liliingia ndani ya simu ya bei nafuu.

Kwa Afrika Mashariki hesabu hiyo ilikuwa haijakamilika hadi mwaka 2009, kwa sababu mawasiliano ya intaneti ya kimataifa yalitegemea setilaiti zilizokuwa ghali na zenye uwezo mdogo. Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM, waya wa mawasiliano uliolazwa chini ya bahari, ulianza kazi katika ufuko wa Afrika Mashariki, Dar es Salaam ikiwamo, na mkongo wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Serikali nayo ikawa inajenga Mkongo wa Taifa kuipeleka huduma hiyo bara. Simu zenye uwezo wa kusoma memori kadi zilikuwa zimekwisha kuenea. Kuanzia hapo, kazi iliyohitaji reli, lori, karani wa stoo na mwenye duka ilifanywa na dakika chache za mtandao.

Ulimwenguni duka lilikuwa limekwisha kutetereka. Apple ilifungua duka lake la mtandaoni la iTunes mwaka 2003, likiuza wimbo mmojammoja kwa senti 99 za dola, jambo lililovunja albamu kama kipimo cha biashara. Tower Records ya Marekani ilifilisika mwaka 2006, Blockbuster, iliyokodisha mikanda na DVD, iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2010, na HMV ya Uingereza, iliyokuwa na duka katika mtaa wa Oxford jijini London tangu 1921, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Januari 2013. Jina lilelile lililokuwa kwenye sahani za Siti binti Saad liliangushwa na kitu kisicho na sahani. HMV ilinusurika baadaye kwa kuuziwa mmiliki mpya na kugeukia santuri za wakusanyaji na bidhaa za mashabiki, na mwaka 2023 ikarudi katika jengo lake la mtaa wa Oxford. Njia hiyo ya kupona inawezekana mahali penye wateja wenye fedha za kununua kitu kwa sababu ya mapenzi ya kukimiliki tu. Haiwezekani kwa muuza CD wa Mpanda, na kumshauri aifuate ni kumpotezea muda.

Kibanda cha kuingiza nyimbo

Katika vijiji na vituo vya biashara vya Tanzania, nafasi ya duka la kanda haikuchukuliwa moja kwa moja na duka la mtandaoni. Ilichukuliwa na kibanda cha kuingiza nyimbo, na hapo ndipo mfano wa maeneo kama Kapalamsenga unapotofautiana na ule wa London. Kibanda hicho huwa na kompyuta moja, spika inayoita wateja barabarani, kifaa cha kusomea memori kadi, na mara nyingi shughuli nyingine pembeni kama kuchaji simu, kunyoa nywele au kuuza vocha. Mwenye kibanda ana maelfu ya nyimbo na filamu katika kompyuta yake, ambazo amezipakua mwenyewe penye mtandao mzuri au amezinakili kwa mwenzake wa mjini; mteja hufika na kadi au flashi, hutaja anachotaka au humwachia mwenye kibanda amchagulie, hulipa kiasi kidogo kulingana na idadi ya nyimbo au ukubwa wa kadi, na huondoka.

Inafaa kuuliza kwa nini mteja huyo asipakue mwenyewe, kwa kuwa jibu ndilo linaloeleza nguvu ya kibanda na pia udhaifu wake. Bando, yaani kifurushi cha intaneti kinachonunuliwa kwa muda maalumu, lina gharama, na filamu moja inaweza kulimaliza lote. Mtandao wa vijijini huzidiwa au hukatika. Simu nyingi za kitochi hupiga muziki wa kwenye kadi lakini hazina uwezo wa kuutafuta. Na zaidi ya yote, kuchagua ni kazi. Mwenye kibanda anajua kwamba mchimbaji wa shaba aliyetoka Tabora, mvuvi wa Ikola na mfugaji wa Kisukuma hawasikilizi kitu kimoja. Amepanga mafaili yake kwa makundi ambayo hakuna kampuni ya ughaibuni iliyoyabuni: zilipendwa, bolingo, taarabu, kwaya, singeli, nyimbo za asili za Kisukuma, filamu zilizotafsiriwa, yaani filamu za nje ambazo mtangazaji amezisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Anachouza si wimbo. Anauza bando alilolitumia, umeme wa sola yake, ujuzi wake wa kutafuta na ladha anayoifahamu ya majirani zake.

Ni lazima ikubaliwe, kwa haki, kwamba mfumo huo umewafikisha mbali wasanii ambao Kariakoo haikuwahi kuwajali. Waimbaji wa nyimbo za asili za Kisukuma, ambao hadhira yao imehama na mifugo hadi Katavi na Rukwa, wamefuatwa na video zao ndani ya memori kadi kwenye vijiji ambako hakuna msambazaji ambaye angeona faida ya kupeleka katoni ya DVD. Muziki wa ng'ambo ya ziwa, wa Kongo, umepita kwa njia hiyohiyo. Kwa upande wa kuenea kwa sanaa, kupakua kumefanya katika miaka michache kazi ambayo mfumo wa kanda haukuifanya katika miongo mitatu.

Upande wa pili wa daftari, lakini, ni mtupu. Katika bei anayolipa mteja wa kibanda hakuna hata shilingi moja inayomrudia mwimbaji, mtunzi, mpiga gitaa au mwigizaji. Mfumo wa kanda ulikuwa na dhuluma zake, na wasanii wengi walilalamika kwamba waliuza haki zao kwa malipo ya mara moja bila kujua idadi ya nakala zilizotolewa. Hata hivyo palikuwa na mtu anayejulikana, mwenye duka lenye anwani, aliyeweza kudaiwa. Waliopoteza zaidi si nyota wa Dar es Salaam. Ni kwaya za makanisa, ambazo katika nchi yenye misheni kongwe kama ya Karema, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, ni sehemu ya uhai wa jamii, na ambazo ziliuza kanda zao mlangoni mwa kanisa baada ya ibada ili kununua kinanda, sare au nauli ya kwenda kuimba parokia nyingine. Kwaya inayorekodi leo huona wimbo wake umefika kila kibanda kabla nakala zake halali hazijafika. Waumini wanauimba na kuupenda, nayo deni la studio inaendelea kulilipa kwa michango. Hasara ya namna hii haionekani katika takwimu zozote za tasnia, na ndiyo sababu inastahili kutajwa kwa sauti.

Stempu inayotafuta mahali pa kubandikwa

Tanzania ilikuwa na sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoanzisha COSOTA, chombo cha kusimamia haki za watunzi, wasanii na wachapishaji. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kutumia stempu za kodi katika bidhaa za muziki na filamu: kila kanda, CD au DVD halali ilipaswa kubandikwa karatasi ndogo yenye alama maalumu, ili serikali ipate kodi yake na nakala ya wizi itambulike kwa kutokuwa nayo. Wazo lilikuwa jema, na wasanii waliliunga mkono. Aprili 2017 waigizaji wa Bongo Movie walifika hata kuandamana Kariakoo wakipinga filamu za nje zilizouzwa bila kufuata utaratibu huo.

Kasoro ya stempu ni kwamba inahitaji kitu cha kubandikwa juu yake. Ilibuniwa kwa ajili ya diski katika miaka ambayo diski ilikuwa ikiondoka sokoni, na kadiri ilivyosimamiwa kwa ukali ndivyo ilivyoongeza gharama ya nakala halali, inayoonekana, huku faili lisiloonekana likipita bila kuulizwa. Mwenye duka aliyefuata sheria, akanunua DVD zenye stempu na kulipia leseni, alishindana na kibanda cha jirani kilichoingiza filamu 20 kwenye flashi kwa bei ya diski yake moja. Haipasi kushangaa kwamba wengi wa wenye maduka hao waliishia kununua kompyuta na kuwa wenye vibanda. Sheria iliwabana waaminifu kwanza.

Hatua zilizofuata zimesogea karibu zaidi na ukweli wa mambo. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300, mirabaha ikiwa ni malipo anayostahili mwenye haki kila kazi yake inapotumiwa na wengine, fedha ambazo zilitokana na matumizi ya muziki katika vyombo vya utangazaji. Mwaka 2023 ikawekwa tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyoweza kunakili au kuhifadhi kazi za sanaa, kwa hoja kwamba anayenunua kifaa cha kunakilia atanakili tu, hivyo ni bora fidia ikusanywe mlangoni. Nchi kadhaa za Ulaya zimetumia mbinu hiyo tangu zama za kaseti. Ni hatua ya busara, ila inapima vifaa na haipimi nyimbo: haiwezi kujua kwamba kadi iliyouzwa Mpanda ilijazwa kwaya ya Karema badala ya nyimbo za Lagos.

Wapo wanaoamini kwamba tatizo litajimaliza lenyewe kwa sababu kupakua nako kunapitwa na wakati, kukiachia nafasi kutiririsha, yaani kusikiliza au kutazama moja kwa moja kutoka mtandaoni bila kuhifadhi nakala. Programu ya Boomplay imekuja ikiwa imewekwa tayari ndani ya simu za Tecno, Infinix na Itel. Mwanamuziki Diamond Platnumz alianzisha Wasafi.com mwaka 2017 kuuza nyimbo za Kitanzania. Spotify iliingia Tanzania, Kenya na Uganda Februari 2021. Ni kweli kwamba mfumo huu huandika kila wimbo uliosikilizwa na unaweza kumlipa mwenyewe. Lakini malipo ya kila usikilizaji ni madogo mno, yanakuwa fedha ya maana kwa wenye wasikilizaji mamilioni tu, na mfumo wenyewe unadai mtandao usiokatika na bando lisilokwisha. Si bahati kwamba Mdundo, kampuni iliyoanzia Nairobi na kuorodheshwa katika soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020, ilijenga biashara yake juu ya kupakua kunakogharimiwa na matangazo. Ilitambua kwamba msikilizaji wa Afrika Mashariki anapenda kuuweka wimbo mahali ambapo bando haliwezi kumnyang'anya.

Magazeti na vitabu viko katika mkondo huohuo na havihitaji maelezo marefu: gazeti linalofika mkoani likiwa limechelewa haliwezi kushindana na picha ya ukurasa wake wa mbele iliyozunguka WhatsApp tangu alfajiri, na kitabu cha kiada kilichopigwa picha na kugeuzwa faili huzunguka shule nzima bila mwandishi wala mchapishaji kuambulia chochote.

Funzo kutoka kwa wakala wa fedha

Duka la kanda halitarudi, na juhudi zozote za kulirudisha ni za bure. Swali lenye maana ni iwapo kibanda kilicholirithi kinaweza kuwa mlango halali wa sanaa badala ya tundu la kuvujia. Jibu limo ndani ya uzoefu wa Tanzania yenyewe. Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, haikujenga matawi ya benki vijijini. Iliwachukua wenye maduka na vibanda vilivyokuwapo, ikawasajili kuwa mawakala, ikawapa kamisheni kwa kila muamala, na kampuni nyingine zikafuata. Mtu wa kijijini ambaye awali alimkabidhi dereva wa lori fedha za kumpelekea mzazi wake sasa hutembea hatua chache tu hadi kwa wakala. Kibanda kidogo kimeaminiwa na fedha za watu. Hakuna sababu ya msingi ya kutokiamini kwa nyimbo zao.

Wakala wa sanaa wa namna hiyo angesajiliwa na COSOTA kwa ada ndogo anayoweza kuimudu, angepewa mkusanyo wa nyimbo na filamu zilizoidhinishwa na wenyewe, na kila anapoingiza kazi kwenye kadi ya mteja angelipa sehemu ya bei kupitia simu yake, kwa namba ya utambulisho ya kazi hiyo, akibaki na kamisheni yake. Kikwazo kinachotajwa upesi ni kwamba hatakubali kulipia kinachopatikana bure. Kikwazo hicho ni cha kweli, lakini hakizingatii hali anayofanyia kazi leo: hofu ya msako, mafaili mabovu yenye virusi, filamu zilizokatika katikati, na aibu ya kuitwa mwizi katika kijiji anakoheshimiwa kwa ujuzi wake. Leseni ingemwondolea hayo yote. Ingewapa pia kwaya na waimbaji wa asili kitu ambacho hawajawahi kuwa nacho hata enzi ya kanda, yaani hesabu ya kweli ya nani anawasikiliza na wapi.

Muda wa kufanya hivyo una kikomo. Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 ya simu katika kata 713 za vijijini, na gridi ya taifa ya umeme imevutwa kuelekea Katavi, mkoa uliotegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi. Mtandao ukitulia na bando likishuka bei, mteja hatakuwa na haja ya kibanda, kama ambavyo vijana wa Dar es Salaam hawana haja nacho leo, na mlango wa mwisho wenye mtu anayejulikana nyuma yake utakuwa umefungwa. Kwa sababu hiyo COSOTA, Bodi ya Filamu na kampuni za simu zinaombwa zisianzie Dar es Salaam majaribio ya leseni ya aina hii. Zianzie Katavi, katika vituo kama Kapalamsenga, ambako mwenye kibanda bado yupo, kompyuta yake bado inafanya kazi, na wateja bado wanasimama mlangoni mwake wakiwa na kadi mkononi na shilingi za kulipa.